Karata Mbili za Bosibori

Siku tuliyomzika Mong'ina Kerubo kule Tabaka, baada ya maombi na hotuba ambazo hazikuwa na haraka ya kwisha, mke wa mjukuu wake alitoka nyumbani amekumbatia mkebe wa mafuta ya kupikia, ule mkubwa, akawa anamuuliza kila aliyekutana naye, "Hii ni nini jameni? Ilikuwa chini ya kitanda." Watu wakachungulia. Mmoja alidhani ni dawa za kienyeji, na kwa kuwa marehemu alikuwa Msabato wa kuaminika, alinyamaza haraka. Mwingine alisema ni vifungo vya koti ambavyo fundi alisahau kuvitoboa. Mkebe ulijaa vijiwe vya mviringo, vyembamba, vyekundu, vyeusi na vyeupe, na kila kimoja kilikuwa na ufa au ukingo uliomeguka. Mimi nilikuwa nimeketi na sahani ya wali mapajani. Niliinua macho, na upande wa pili wa hema, kwenye viti vya plastiki, Bosibori naye alikuwa ameinua macho. Katika umati ule wote ni sisi wawili tu tuliojua vile vijiwe ni vya nini, na hatukuwa tumezungumza kwa miaka mingi kuliko umri niliokuwa nao tulipofahamiana.

Siku hizi mimi ni mwalimu wa hesabu upande wa Sironga. Wanafunzi wangu huniita Mong'ina, yaani bi kizee, wakidhani sisikii, na kila mwaka, tukifika kwenye mada ya uwezekano, hunishangaa kwa jinsi ninavyochangamka. Kitabu cha shule kina mifano ya mipira myekundu na myeupe ndani ya mfuko. Mimi huwaletea karata. Mwalimu mkuu mmoja aliwahi kuniita ofisini kwa sababu hiyo, nikamweleza kwamba sichezeshi watoto kamari, ninawafundisha kuuliza swali moja tu: kati ya vitu nisivyoviona, ni vingapi vinaweza kunifaa? Swali hilo sikulipata chuoni. Nililipata ndani ya banda la kusugua mawe, mwaka ule baada ya kumaliza kidato cha nne, nilipotoka Ikonge kwenda Tabaka kufanya kazi kwa muda tu, kama tulivyosema wote, kwa muda tu.

Chumba tulichopanga na Bosibori kilikuwa na kitanda kimoja, meza iliyokuwa na miguu mitatu na tofali, na mkungu wa ndizi ambao haukuwahi kuisha kwa sababu kila Jumapili mmoja wetu alileta mwingine kutoka nyumbani. Vumbi la mawe lilikuwa jeupe na laini, likaingia kwenye shuka, kwenye chumvi, kwenye kope za macho. Tulipoamka tulifanana na watu waliomwagiwa unga. Bosibori alikuwa mrefu, mwenye kicheko cha kutangulia, yaani alicheka kabla hujamaliza kusema. Alikuwa na ndoto moja iliyojulikana banda zima: kwenda Nairobi. Alikuwa hajawahi kufika, lakini alishajifunza Sheng kutoka kwa binamu yake, akawa anaijaribu kwangu asubuhi tukichemsha chai. "Niaje, msupa?" aliniambia kila mara, nami nikajibu, "Bwakire," kama tunavyoamkiana kwetu, naye akasonya na kusema mimi nitazeekea kwenye majani chai.

Kazi bandani ilikuwa na mpango wake. Wanaume walichonga, wanawake tulisugua kwa msasa na maji, tukaosha, tukapaka nta. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Msimamizi wetu alikuwa Ombati, mzee wa kanisa, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata siku ya vumbi. Mwezi wa pili tangu nifike, alirudi kutoka Nairobi na oda ambayo haikufanana na sanamu za viboko na masahani tuliyozoea. Mwenye duka mmoja alitaka vijiwe vya mchezo wa karata, masanduku mengi, rangi tatu, unene sawasawa. Kama kielelezo alimpa Ombati kisanduku chenye vidude vya plastiki, karata, na kijitabu cha maelezo kwa Kiingereza. Ombati aliniwekea kijitabu kando ya karai la maji ya kusugulia mawe.

"Moraa, wewe umemaliza fomu four. Soma hii kitu utuambie inatumiwa aje."

"Imeandikwa poka," nikasema.

Makori, mchongaji kijana ambaye alikuwa amemwoa binti ya Ombati, alicheka akiwa ameangalia chini. "Poka? Hiyo hata watoto wa centre ya kuuzia majani chai wanacheza." Alikuwa na maana ya ule mchezo tuujuao wote, wa kumaliza karata mkononi na kupaaza sauti "Niko kadi!" Nikageuza kurasa mbili, nikaona kwamba huu haukuwa huo. Katika huu humalizi karata. Unapewa mbili tu za siri. Tano nyingine huwekwa wazi katikati, kwanza tatu, kisha moja, kisha moja, za wote. Kila mmoja huunganisha zake na zile za wote apate mkono ulio bora. Na kati ya kila hatua, watu huweka vijiwe katikati: anayeamini karata zake hupandisha, anayetaka kuendelea hulipa kiasi hicho hicho, na asiyeamini hukunja, yaani hutupa karata zake kifudifudi na kukaa kando. Nilisoma sentensi moja mara tatu kwa sababu ilinishangaza. Kama wengine wote wamekunja, aliyebaki anachukua vijiwe vyote na halazimiki kumwonyesha mtu alichokuwa nacho.

"Sasa wengine watajuaje?" Ombati akauliza.

"Hawatajua. Anayetaka kuona, lazima alipe."

"Hiyo nimeipenda," ikasema sauti kutoka pembeni, kwa Kikisii. Ndiye aliyekuwa Mong'ina Kerubo. Wakati ule alikuwa mwanamke wa miaka kama sitini hivi, mfupi, msuguaji mwenye mikono iliyolowa maji mpaka ikawa na ngozi ya kunyauka, na hasira za karibu. Hakujua kusoma. Mimi aliniita mke mwenzake tangu siku ya kwanza, kwa sababu nilikuwa na umri wa wajukuu wake, na kwetu bibi na mjukuu hutaniana wapendavyo.

Hatukuanza kucheza kwa anasa. Vijiwe vya kwanza tulivyopeleka Nairobi vilirudishwa, na maelezo yalikuwa kwamba haviwezi kupangwa vikasimama. Tulikuwa tumevipaka nta na kuving'arisha kama tunavyofanya kila kitu, tukaona fahari, na kumbe ukivipanga kumi vinateleza na kumwagika. Ombati alilitafakari hilo siku nzima. "Kijiko tunakijua kwa sababu tunakula nacho," akasema mwishowe. "Hii hatuijui. Tutaicheza mpaka tuijue." Kama mzee wa kanisa aliweka masharti: hakuna pesa, hata shilingi, tucheze kwa vijiwe vilivyoharibika tu, na Ijumaa mchana, kabla Sabato haijaingia, karata zinafungiwa kwenye sanduku la vifaa. Akaliita zoezi lile kupima bidhaa, na naamini hata kwenye maombi alilitaja hivyo.

Basi kila mchana, baada ya obokima, ugali wetu wa wimbi, na mboga za chinsaga, tulifuta vumbi kwenye meza ya kupakia na kuketi watano: Ombati, Makori, Mong'ina, Bosibori na mimi. Na hapo ndipo nilipokutana na jambo ambalo kijitabu hakikuwa nalo. Makori hakuweza kucheza dhidi ya Ombati. Kuna haya ya heshima tunayoiita chinsoni, kati ya mzazi na mtoto, kati ya mkwe na mkwe; mtu hamkazii macho baba mkwe wake, seuze kumnyang'anya vijiwe kwa ujanja. Ombati akipandisha, Makori anakunja, hata awe na nini. Siku moja alikunja nikachungulia karata zake zilipotupwa, nikaona ree mbili, karata kubwa kuliko zote. Ree mbili! Hakuna mwanzo mzuri kuliko huo katika mchezo mzima. Ombati kwa upande wake aliamini kwamba ana kipaji, akawa anatueleza siri za ushindi wake. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba siri yake ilikuwa ni mahari aliyopokea.

Mong'ina naye aliipeleka chinsoni mpaka ndani ya karata zenyewe. Akipewa mfalme pamoja na yule kijana mwenye kofia, alizitupa mezani kama zimemwunguza. "Yaya! Baba na mwanawe kwenye kitanda kimoja? Mimi siwezi kushika." Tulicheka hadi machozi. Nilijaribu kumwelekeza, nikamwonyesha kwenye kijitabu kwamba karata zote mbili ni kubwa. Akaendelea kuzitupa. Mimi nikaendelea kuzishika, na ikawa inanitokea jambo lile lile: mfalme anatokea mezani, nafurahi, nalipa mpaka mwisho, halafu mtu anaonyesha mfalme wake akiwa na ree kando, na vijiwe vyangu vinaondoka. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba karata nzuri nusunusu ndizo zinazomla anayeanza. Zile mbovu kabisa mtu anazitupa bila kuumia. Mong'ina hakulijua hilo, wala sitadanganya kwamba alilijua. Alikuwa anaona haya tu, na haya zake zilimwokolea vijiwe vingi.

Nilinunua daftari la kurasa tisini na sita. Ninalo hadi leo. Niliandika kila mkono: nilipewa nini, nilifanya nini, kwa nini. Mwanzoni niliandika pia kama nilishinda au nilishindwa, kisha nikaacha, kwa sababu niligundua kwamba nilikuwa najisifu kwa upumbavu uliobahatika na kujilaumu kwa busara iliyokosa bahati. Safu iliyobaki ya maana ilikuwa ile ya "kwa nini". Nilipoisoma upya nilipata aibu. Mara nyingi nilikuwa nimeandika, "Nimeshaweka vingi, siwezi kuacha sasa." Na hili lilinikera kwa sababu kazini sikuwa hivyo. Jiwe kavu huficha nyufa zake. Ukilimwagia maji, ufa unajitokeza kama mstari wa kalamu. Msuguaji akiuona ufa analiweka kando hapo hapo, hata kama amelisugua tangu asubuhi, kwa sababu litapasuka tu, na asubuhi yake haitarudi. Nililifanya hilo kila siku bila huzuni. Kisha naketi mezani, nauona ufa, naendelea kusugua. Nikaandika kwa herufi kubwa kwenye jalada la daftari: MWAGA MAJI KWANZA.

Mengine tulijifunza kwa kubahatisha. Tuligundua kwamba kiti kilicho kando ya karai ni kiti kizuri siku ambayo mwenye kukikalia husema wa mwisho, maana anakuwa ameshawasikia wengine wote kabla hajafungua mkono wake. Tuligundua kwamba usiangalie uso. Nyuso zetu zimefundishwa kuinama. Angalia mikono. Makori akiwa na karata nzuri alitafuta kitambaa cha kujifuta. Ombati alipanga vijiwe vyake vizuri zaidi. Bosibori peke yake hakuwa na alama, kwa sababu alicheza kila karata kwa furaha ile ile, akapandisha kwa kicheko na kushindwa kwa kicheko, na ilikuwa kama kujaribu kusoma barua iliyoandikwa neno moja tu.

Kulikuwa na jambo moja lililonishinda. Sikuweza kupandisha nikiwa sina kitu. Kijitabu kilisema ni sehemu ya mchezo, tena sehemu ya lazima; mtu asiyewahi kutisha bila silaha, wenzake watamkimbia kila akija na silaha, na hatapata chochote. Ndivyo ilivyokuwa. Nikipandisha, meza nzima inakunja. "Moraa amepandisha, twendeni tukasugue," Bosibori alikuwa akisema. Nilimuuliza Ombati kama huko si kudanganya. Aliweka chini kikombe chake cha maji ya moto, maana chai hakuwa anakunywa ingawa alikuwa na shamba lake la chai, akafikiri kama anayetayarisha somo la Sabato. Mong'ina hakumngoja. "Mimi nikinyamaza nimesema uongo? Vijiwe ndio vinaongea. Kila mtu hapa anajua vijiwe vinaongea ovyo." Kutoka hapo ikazaliwa sheria ya banda letu. Vijiwe viseme vitakavyo. Lakini mdomo ukifunguka, mezani au baada ya meza, useme kweli au ufungwe. Ombati aliipitisha kwa kugonga meza, na sote tuliiheshimu.

Mvua za vuli zilipoanza, Ombati alikuja na habari. Mwenye duka alikuwa ameridhika na vijiwe vipya, visivyo na nta. Sasa alitaka msichana mmoja kutoka bandani akae dukani kwake mwezi mzima, awaonyeshe wateja mawe na kuwafundisha mchezo, na kama angefaa, angeajiriwa. Makori na Ombati walikuwa na familia, Mong'ina alisema Nairobi haina jambo analolidai. Tukabaki wawili. Ombati hakutaka kuchagua. Alituogopa sote wawili kwa usawa. "Mtacheza," akasema. "Alhamisi ijayo, nyinyi wawili, vijiwe sawa kwa sawa. Mwenye kumaliza vya mwenzake ndiye ataenda."

Usiku ule Bosibori aliimba akiosha vyombo. Alikuwa tayari ameshashona gauni, la kijani lenye mshipi, miezi kabla hata hajajua kama kuna safari. Lilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda, limefunikwa na karatasi ya nailoni kwa ajili ya vumbi. Mimi, hadi siku ile, sikuwa nimeitamani Nairobi hata kidogo. Lakini nilipolala nikilitazama lile gauni nilijikuta naitaka, tena kwa nguvu iliyonitisha. Sikutaka mji. Nilitaka kujua kama kile nilichokiandika kwenye daftari ni kweli pia mahali pengine, kwa watu wasionijua, watu wasiokunja kwa sababu ya haya. Nilikuwa na njaa ya kujua. Nasema hivi bila kujitetea. Njaa yake ilikuwa ya zamani kuliko yangu, na mimi nililijua hilo.

Alhamisi mvua ilianza saa nane mchana, kwenye mabati, mpaka tukawa tunasemezana kwa kupaaza sauti. Wachongaji waliacha kazi, wakasimama nyuma yetu. Tulicheza kwa muda wa saa mbili hivi. Nilikuwa mbele, nikawa nyuma, tukawa sawa. Kisha nikapewa malkia na saba, zote za kopa. Mezani zikaja mfalme wa kopa, tisa ya maua, nne ya kopa. Kopa moja zaidi na ningekuwa na kopa tano, mkono ambao ni vigumu kuushinda. Nikalipa. Ikaja tisa ya uru. Haikunifaa, lakini nilipandisha, nikijiambia kwamba kopa bado ipo njiani. Bosibori alilipa. Ya mwisho ikawa mbili ya shupaza. Sikuwa na kitu. Nilikuwa na malkia mmoja mpweke na saba moja ya bure, na mbele yangu vijiwe vyote vilivyobaki.

Hapo nilifanya kile nilichokuwa sijawahi kukifanya. Nilifikiri kwanza kuhusu hadithi: nilipandisha ilipotokea tisa ya pili, kwa hiyo mtu yeyote angeamini kwamba nina tisa ya tatu mkononi, na tatu zinazofanana ni mkono mzito. Hadithi ilisimama. Na aliyeisimulia alikuwa Moraa, yule ambaye hajawahi. Nikavisukuma vijiwe vyote katikati. Bosibori hakucheka. Alinitazama, si usoni, akatazama mikono yangu, kisha mvua mlangoni, kisha mikono yangu tena. Nyuma yangu nilisikia mtu akinong'ona, "Huyo ako nayo, Moraa hawezi cheza hivyo." Kisha Bosibori akazigeuza karata zake mbili kifudifudi, akazichomeka katikati ya nyingine, na kusema, "Nimekunja." Vijiwe vilivyobaki kwake havikufika kumi. Mkono uliofuata ulivimaliza.

Banda lilishangilia. Ombati alinipa mkono. Mong'ina alikuwa anazikusanya karata. Ni tulipokuwa tunarudi chumbani, tumejifunika gunia moja kwa ajili ya mvua, ndipo Bosibori aliponiuliza, kwa upole, kama anayeuliza saa. "Ulikuwa na tisa?"

Ningeweza kunyamaza. Sheria iliniruhusu. Ningeweza hata kusema hapana, tukacheka, akanipiga ngumi ya bega. Nilisema, "Nilikuwa nayo."

Sijui kwa nini mpaka leo. Nadhani niliona haya kwamba nimemshinda bila kitu, nikataka angalau afikiri nilistahili. Aliitikia kwa kichwa. Jumapili iliyofuata alinifungia nguo zangu kwenye begi, akazikunja vizuri, na juu kabisa akaweka gauni la kijani. Nilikataa. Akasema, "Sasa nitalivaa wapi, kwa karai?" Nikaondoka nalo. Nililivaa mwezi mzima, na watu wa dukani walinisifu, na kila waliponisifu nilitaka kuketi chini.

Mwezi ule ukawa miaka miwili, na mshahara wake ukanipeleka chuo cha ualimu. Bosibori alibaki. Wiki niliyoondoka, nilikuja kusikia, alimwendea Ombati na kumwambia kwamba kama hasafiri basi hasugui tena, apewe kisu achonge. Ombati alikataa mara tatu. Leo banda ni lake, na wanawake watano wanachonga humo. Nilizipata habari zake kwa watu, kama mtu anavyopata habari za mkwe. Nilipopita Tabaka nilipita haraka. Tulikuwa rika moja, tuliolala kitanda kimoja, watu ambao kati yao hakuna chinsoni yoyote, na mimi kwa mdomo wangu nilikuwa nimeileta. Sikuweza kumtazama usoni. Hilo ndilo lililonigharimu zaidi mwaka ule, na halimo kwenye daftari.

Sasa pale msibani alikuja na kiti chake cha plastiki mkononi, akakiweka mbele ya changu, akamwomba yule mke wa mjukuu ule mkebe. Tukauweka kati yetu. Mikono yake ilikuwa na makovu ya patasi, kope zilikuwa nyeupe kama zamani. Tuliongea kwanza kuhusu marehemu, jinsi alivyowatupa baba na mwanawe. Alicheka kabla sijamaliza. Nikachukua kijiwe chekundu, na kwa kuwa nilijua kwamba nikingoja sitasema tena, nikasema.

"Bosibori, siku ile sikuwa na tisa. Sikuwa na kitu chochote. Nilikudanganya kwa mdomo."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Moraa, angalia mkono yako." Nikaangalia. Kidole gumba kilikuwa kinakisugua kile kijiwe, polepole, kwa mzunguko, kama kwa msasa. "Kila mara ulikuwa na karata mbaya, ulikuwa unasugua. Mong'ina alijua. Mimi nilijua. Makori pekee ndiye hakuwa anajua, huyo alikuwa anaogopa mkwe."

Nilimwomba msamaha, na akaupokea kwa kupunga mkono, kama anayefukuza nzi, na nililia kidogo, na kwa kuwa ilikuwa matanga hakuna aliyeshangaa. Ila mimi ni mtu wa maswali, na swali lilikuwa limeshaingia. Kama alimuona yule Moraa anayesugua, basi alimuona lini? Kabla ya kukunja, au ni jambo alilolikumbuka baadaye, amelala peke yake chini ya ule msumari usiokuwa na gauni? Na zile karata zake mbili zilikuwa nini? Huenda hazikuwa na thamani hata ya kumshinda malkia mpweke, alikunja kwa sababu alikuwa mtupu kama mimi. Huenda alikuwa na mfalme, akaniacha niende.

"Ulijua kabla ama baada?" nikamuuliza. "Na ulikuwa na nini?"

Bosibori alinitazama usoni, moja kwa moja, na macho yake yalianza kucheka. "Wewe ndiye ulitusomea. Anayetaka kuona, afanye nini?"

"Alipe."

"Basi."

Sikuwa na kingine cha kulipa. Niliushika ule mkebe kwa mikono miwili, na vijiwe vyote vya Mong'ina Kerubo ndani yake, nikausukuma mpaka ukagusa magoti yake. Aliutazama. Akatazama mikono yangu, na safari hii kidole kilikuwa kimetulia, nilikikagua. Akatazama mlango wa hema, ambako matone ya kwanza yalikuwa yameanza kuangukia majani ya mgomba. Kisha akaurudisha mkebe kwangu, taratibu, bila kumwaga hata kimoja.

"Nimekunja," akasema, akasimama kwenda kuuliza kama kuna chai iliyobaki.